Maswali yenu ya merkato, na majibu ambayo hamtayapenda

Merkato, yaani dirisha la usajili, ikifunguka tu, simu yangu inajaa ujumbe, na sehemu kubwa yake ni swali moja lenye nguo tofauti. Leo nimechukua machache. Walionitukana bila hoja nimewaacha. Mmoja aliyetukana kwa hoja mtamkuta humu ndani.

"Mukubwa, juu ya nini Mazembe iko inauzisha bachezaji bazuri? Kila mwaka tunaanza tena na batoto." (Kamalondo)

Swali hili linarudi kama mvua ya Novemba. Basi leo nitalijibu lote, mlikate mlihifadhi.

Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akafika Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, mwaka 2011. Mwaka 2015 Mazembe ilibeba Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya tano, yeye akiwa kileleni mwa wafungaji wa mashindano. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo akaenda Genk, Ubelgiji. Ulitaka abaki afanye nini? Kilichokuwepo cha kushinda huku alishakishinda. Jackson Muleka, mtoto wa hapahapa, naye akaenda Standard Liège mwaka 2020. Mchezaji aliyefika juu kabisa kwetu ana njia mbili: apande ndege, au abaki na kuanza kushuka mbele ya macho yenu ninyi mnaompenda. Na mkianza kumzomea, hamtakumbuka kwamba ninyi ndio mlilia asiuzwe.

Halafu kuna karatasi. Klabu haina mtu, ina miaka iliyobaki kwenye mkataba wa mtu. Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba uzidi miaka 5, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu, na mchezaji akibakiza miezi 6 anaweza kutia saini kwingine waziwazi. Tangu kesi ya Bosman, Desemba 1995, mkataba ukiisha mchezaji anaondoka na hakuna wa kulipwa. PSG ya Paris walikubaliana na Monaco yuro milioni 180 kwa ajili ya Mbappé. Mwaka 2024 akaenda Real Madrid bila PSG kulipwa bei ya uhamisho. Ikiwa wenye PSG, watu wa mafuta na gesi ya Qatar, wameachwa hivyo, sembuse ekipe ya Linafoot, ligi yetu ya Kongo? Kwa hiyo rais wa klabu anapomuuza kijana aliyebakiza mwaka mmoja na amekataa kuongeza, usimwite msaliti. Muulize kwa nini alisubiri hadi ubaki mwaka mmoja. Hilo ndilo swali, na silisikii mkiliuliza.

Kuna upande mwingine ambao Kamalondo hamtaki kuusikia. Kutouza nako kuna gharama. Trésor Mputu wa Mazembe alikuwa mchezaji bora wa ndani ya Afrika mwaka 2009. Bei yake haikuwahi kuwa juu kuliko siku zile, na klabu ilikuwa na uwezo wa kumbakiza, ikambakiza. Mwaka 2010 akafungiwa na FIFA miezi 12 baada ya vurugu na mwamuzi Kigali. Wenzake walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter ya Milan, yeye alikuwa mtazamaji. Mwaka 2014 akahamia Kabuscorp ya Angola. Kipaji kile Ulaya haikukiona kikicheza ligi yake hata msimu mmoja. Kwa maoni yangu angeuzwa 2009, na Mazembe ingebaki na shukrani na makuta, yaani fedha, pamoja.

"Nani ataondoka merkato hii?" (wengi)

Sijui. Na anayekwambia anajua, muulize saini aliiona wapi.

"Brentford walimuuza Wissa wetu baada ya kufunga mabao 19. Halafu wanalia hawana mfungaji. Si wajinga?" (Kampemba)

Brentford ya Uingereza walimchukua Yoane Wissa kutoka Lorient ya Ufaransa mwaka 2021. Mwaka 2025, akikaribia miaka 29, mkataba ukielekea ukingoni na mwenyewe ameandika hadharani kwamba anataka kuondoka, walikuwa na nini cha kushikilia? Walimuuza Newcastle Septemba 1, siku ileile Newcastle ilipomwachia mfungaji wake Isak aende Liverpool. Mmoja anatoka kwangu kwa sababu mwingine ametoka kwako: merkato nzima ni mnyororo huo, na watu wanakasirikia pete moja tu.

Sasa angalia kilichofuata. Siku chache baadaye Wissa aliumia goti akiwa na Leopards, timu yetu ya taifa, dhidi ya Senegal, kabla hajaichezea Newcastle dakika moja. Simwombei mtu mabaya, nilihuzunika kama ninyi. Lakini mwenye kuhesabu anajua kwamba aliyeuza amehamisha na hatari. Goti, umri, hasira, vyote vimekwenda kwa mnunuzi. Brentford wanaishi hivyo: wananunua mtu ambaye wakubwa hawajamwona, wanamuuza wakishamwona. Msimu huohuo Mbeumo naye alikwenda Manchester United. Ungewaita wajinga kama wangekuwa wamemnunua Wissa akiwa na miaka 29.

"Chelsea ni klabu isiyo na moyo. Iliuza Mount, ikauza Gallagher, watoto wake yenyewe, ikabaki na wageni. Na wewe unawatetea matajiri, kalamu yako imenunuliwa." (mtaa wa Golf)

Huyu ndiye mwenye tusi lenye hoja. Kalamu yangu haijapata mnunuzi, ningewaambia bei.

Hoja yako ina jibu, na jibu liko kwenye vitabu vya hesabu. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5 anaandikwa gharama ya milioni 10 kila mwaka. Baada ya miaka 2 bado ana milioni 30 kitabuni. Ukimuuza 40, faida yako ni 10 tu. Mtoto wa shule yako ya mpira hana bei ya kununuliwa, kitabuni ni sifuri. Ukimuuza 40, zote 40 zinahesabiwa faida. Hadi msimu wa 2025-26 Ligi ya Uingereza ilikuwa na mpaka wa hasara, pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, na aliyevuka aliweza kukatwa pointi. Kwa sheria hiyo mtoto wa nyumbani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukumwa mlangoni. Mount alikwenda Manchester United 2023, Gallagher Atlético Madrid 2024. Sheria iliyowekwa kulinda klabu imewafanya wauze watoto wao. Siipendi, na sikuitunga mimi.

Nottingham Forest walijaribu ujanja wa subira. Hesabu zao zilifungwa Juni 30, 2023; wao wakamshikilia Brennan Johnson, waliyemlea wenyewe, hadi Septemba mosi wakampata mnunuzi wa bei nzuri zaidi, Tottenham. Wakajitetea: tungeuza Juni tungepata kidogo. Tume iliyosikiliza kesi ikawajibu kwamba tarehe ni tarehe. Machi 2024 wakakatwa pointi 4. Sasa ukiona klabu inauza kwa pupa mwishoni mwa Juni, usitafute ugomvi wa kocha na mchezaji. Tafuta kalenda.

"Mbona siku hizi Yanga na Simba wanatuchukulia wachezaji? Zamani sisi ndio tulikuwa tunawachukulia." (Kolwezi)

Kwa sababu wanalipa, na ligi yao inachezwa. Mei 2021 Azam Media ilitia saini ya kuonyesha ligi ya Tanzania kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo Fiston Mayele alitoka Vita Club ya Kinshasa akaenda Yanga. Mwaka 2023 alimaliza mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ikamuuza Pyramids ya Misri, na 2025 akafunga kwenye mechi ya marudiano ya fainali Pyramids ikichukua Ligi ya Mabingwa. Ngazi ilikuwa pale na kila aliyemshika mkono alipata kitu.

Kwetu ligi inaanza, inasimama, inabadilishwa mfumo, inaanza tena. Mchezaji wa miaka 22 hawezi kusubiri wakubwa wamalize mikutano yao. Sisemi zaidi, wahusika wanajijua.

"Waamerika wanabadilishana wachezaji bila makuta. Mutombo wetu walimpeleka huku na huku. Ni mpira gani huo?" (Likasi)

Ni mpira wa kikapu, Papa, lakini swali ni zuri. Kule mishahara ya ekipe imewekewa kikomo, kwa hiyo wanabadilishana mikataba ili hesabu zilingane. Februari 2001 Atlanta ilikuwa inapoteza, na mkataba wa Dikembe Mutombo ulikuwa unaisha kiangazi kile. Wakampeleka Philadelphia wakapata wachezaji kadhaa, Kukoč na Ratliff wakiwemo, badala ya kumwona akiondoka bure. Yeye akafika fainali mwaka huohuo. Sababu ni ileile ya karatasi inayoisha. Tofauti ni kwamba kule mchezaji anaweza kuambiwa asubuhi kwamba jioni analala mji mwingine. Kwetu kwenye futboli hakuna anayehamishwa bila kutia saini mwenyewe, na mkisikia "ameuzwa kwa nguvu" mjue mtu aliishika kalamu.

"Mwanangu ana miaka 16. Manaja mmoja anaomba dola 3,000 ya teste ku Bulaya, anasema pia tumupunguze miaka awe na 14. Nifanye nini?" (Papa mmoja, Katuba)

Papa, usitoe hata dola moja. Na huyo mtu usimfungulie tena mlango.

FIFA haimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wenyewe wamehama kwa shughuli isiyohusu mpira. Mtoto wa Katuba hayumo kwenye sababu hizo. Kwa hiyo hata teste, yaani majaribio, ikiwa ya kweli, hakuna klabu inayoweza kumwandikisha. Tangu 2023 mawakala wanapaswa kufanya mtihani na kuwa na leseni, na majina yao yanaonekana kwenye tovuti ya FIFA. Tafuta jina lake. Kisha kumbuka wakala wa kweli hula kwenye mkataba uliotiwa saini. Anayekula kwenye mfuko wa mzazi kabla ya mkataba ni muuza ndoto, na mji huu tunao wa kutosha.

Kuhusu kupunguza miaka, soma habari za Silas aliyekuwa akichezea Stuttgart, mtoto wa Kinshasa. Ujerumani nzima ilimjua kwa jina la Wamangituka. Juni 2021 akajitokeza akasema jina lake ni Katompa Mvumpa na umri wake umezidi ule ulioandikwa kwa mwaka mmoja. Klabu ikaeleza kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyebadilisha utambulisho na kushika hati zake. Akafungiwa miezi 3 na kutozwa faini. Huyo alikuwa nyota, klabu ilisimama naye. Mwanao atasimama na nani?

Mwache mtoto amalize shule. Hukuuliza hilo, nimekwambia hata hivyo.

"Shiye ekipe ya mtaa. Mwana tulimufundisha toka miaka kumi na mbili, sasa eko anacheza ku Bulaya, bameshamuuzisha mara mbili. Hatujapata hata mupira moja." (Kocha, Ruashi)

Kocha, hapa nitakaa.

Mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia. Wa miaka 16 hadi 23 una nusu asilimia. Tuseme ameuzwa yuro milioni 1, na alikaa kwenu tangu miaka 12 hadi 17. Misimu 4 ya mwanzo ni yuro 10,000, miwili inayofuata ni 10,000 nyingine. Yuro 20,000 kwa uwanja wenu wa vumbi, na akiuzwa tena mnalipwa tena.

Mbona hamkupata? Nakisia, maana nimewauliza makocha wengi jambo hili na jibu linafanana: mtoto hakuwa na lisansi, ile kadi ya kuandikishwa. Alicheza kwa jina la kaka yake, au aliandikishwa EUFLU, chama cha mpira cha mji wetu, siku moja kabla ya mchuano kisha lisansi haikuwekwa upya msimu uliofuata. Tangu 2022 malipo haya yanapitia chombo cha FIFA kinachosoma pasi ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizoandikishwa, msimu kwa msimu. Kama jina la ekipe yenu halimo, kwa chombo kile mtoto huyo alizaliwa siku alipoingia klabu kubwa. Na klabu kubwa haina haraka ya kukukumbusha.

Kwa huyu, nenda kwenye shirikisho uombe pasi yake, utazame imeandikwa nini, ukibeba lisansi za zamani na majedwali ya mechi yenye jina lake. Uende sasa, madai haya yana muda wake. Kwa wale wa miaka 12 ulio nao leo, lisansi kila msimu, jina la kweli, tarehe ya kweli, nakala moja nyumbani kwako na nyingine kwa katibu. Mnachanga makuta ya jezi kila mwaka. Ya lisansi mnasema hakuna.

"Kila siku Mazembe, Mazembe. Lupopo haiuzi wachezaji?" (Cheminot wa kweli, mtaa wa Kenya)

Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, nayo inauza. Rudi juu, soma tena, badilisha rangi ziwe njano na bluu.