Kabla hujapiga Windows upya, angalia draiva ya skrini

Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwaka jana mwezi wa nane, kipindi kile upepo unaingiza vumbi hadi ndani ya droo, kompyuta yangu ya kazi ilianza kuzima ovyo. Mara ya kwanza nilikuwa natengeneza kadi za mchango wa harusi, mama mwenye kazi amekaa pembeni yangu anataka jina la bwana harusi likuzwe kidogo. Mshale wa mausi ukaganda juu ya jina lile. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi, ikawa nyeusi tena, halafu ikaja ile ya bluu yenye uso wa huzuni.

"Mwanangu, kadi zangu bado zimo humo?"

Hazikuwemo. Sikuwa nimezihifadhi.

Fundi wa kwanza alisema tatizo ni ram, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikanunua. Wa pili akapiga Windows upya, nikakaa karibu wiki nzima narudisha programu na fonti. Siku mbili baadaye ikazima tena. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ile skrini ya bluu na hakuna kati yetu aliyelisoma.

Ikikutokea, ipige picha kwa simu haraka kabla haijajiwasha upya. Maandishi madogo ya chini ndiyo yenye kosa. Yangu yalisema VIDEO_TDR_FAILURE. Kwa kawaida Windows huipa kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora unachokiona kwenye skrini, sekunde 2 ijibu. Ikikaa kimya, mfumo unajaribu kuianzisha upya draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, na ikishindikana kompyuta nzima inasimama.

Skrini ikiganda tu bila kufika kwenye bluu, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva inaanza upya, na mara nyingine unapata nafasi ya kuhifadhi kazi. Ningelijua hilo siku ile, huenda kadi za yule mama zingepona.

Kisha jiulize matatizo yalianza lini. Yangu yalianza baada ya draiva kujisasisha yenyewe. Fungua Device Manager, nenda Display adapters, bofya mara mbili jina la kadi, ingia Driver, chagua Roll Back Driver. Kama kitufe hicho kimefifia, pakua kwanza toleo la zamani kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako, liweke kwenye flashi, zima intaneti, ndipo uondoe draiva iliyopo na kuweka hilo. Usiruke hapo kwenye intaneti. Mimi baada ya kupigiwa Windows niliunganisha mtandao, mfumo ukajipakulia draiva ile ile mbovu.

Kompyuta ikikataa kutulia hata kwa dakika tano, shika Shift huku ukibofya Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, bofya Restart, kisha bonyeza 4. Inawaka na draiva ya msingi tu. Ikitulia humo, sababu ya kuishuku draiva inaongezeka.

Ila vumbi letu nalo lisisahaulike. Feni ikivuma sana na mashine ikizima baada ya kazi nzito, isafishe kwanza. Na ukiona michirizi tangu kwenye nembo ya mtengenezaji, kabla Windows haijaanza, usihangaike na draiva, maana wakati huo bado haijapakiwa. Hapo mpelekee fundi akague kadi, waya na kioo chenyewe.