Re: Kontrakta akisema ameajiri vijana 200, tunapimaje?

Omera, hao 200 wa barabara ya wodi yenu hapo Kisumu usiwahesabu vichwa, hesabu siku za kazi, juu mtu akishika jembe siku mbili afutwe bado anaandikwa ameajiriwa, niliona hiyo kwa saiti nikiwa kibarua. Ombeni masta roli, ile orodha ya vibarua na siku walizofanya kazi, mlinganishe na malipo ya M-Pesa na mahali kila mtu anatoka. Ile asilimia 30 ya AGPO, mpango wa serikali wa kutenga tenda, ni ya tenda za vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, si ya vibarua, watu huchanganya sana. Na ufundi je? Wangapi wamefanya tredi testi, ule mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hata gredi 3 tu, ile ya chini? Hiyo iandikwe kwa mkataba mapema, ukingoja kazi iishe utaambiwa faili iko Nairobi.