Tulidanganya posa, sasa tunapendana: je, tayari sisi ni mume na mke?

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni msichana wa miaka 27, kwetu ni Mumias ila naishi Kisumu na nina kibanda cha mitumba Kibuye. Mwaka jana baba na ami zangu walinishikilia niolewe na bwana mmoja wa Bungoma, mfanyabiashara, mtu wa heshima zake, lakini moyo wangu haukumtaka. Kila nikienda nyumbani ni hilo tu. Nikamwomba rafiki yangu, mwalimu niliyesoma naye shule ya upili, ajifanye ananiposa ili waniache nipumue. Akakubali. Alikuja Mumias na ami yake na wazee wawili ambao hawakujua lolote. Baba akasema, "Tumekubali, binti ni wenu, rudini mtupe tarehe." Ikasomwa Fatiha, watu wakala pilau. Rafiki yangu akatoa shilingi 20,000 akasema ni mwanzo wa mahari. Sheikh, pesa hizo zilikuwa zangu. Nilimtumia kwa M-Pesa usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulipanga baada ya miezi michache tuseme tumeshindwana.

Kisha mama akazidiwa na sukari akaletwa Kisumu. Huyu kijana, kwa kuwa ndiye "mkwe", akawa anashika foleni hospitali tangu alfajiri na kadi ya mama mkononi, akitoka hapo anakimbilia darasani. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Siku moja nikamwambia basi, mchezo uishe. Akanyamaza, halafu akasema kwake uliisha zamani. Kumbe na kwangu. Shangazi yangu, ambaye pekee ndiye anayejua siri, anasema sisi tayari ni mume na mke kwa sababu ndoa haina mzaha. Ni kweli? Kama si kweli, tunaweza kufunga ndoa iliyoanza kwa uongo? Ni lazima nimwambie baba? Na zile pesa? Mdogo wangu wa miaka 19 naye ameanza kutajiwa yule bwana wa Bungoma.

JIBU

Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Binti yangu, nianze na shangazi yako, kwa sababu hakusema kitu cha kubuni. Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Hureira, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alisema yapo mambo matatu ambayo ukiyafanya kwa dhati ni dhati, na ukiyafanya kwa mzaha pia ni dhati: ndoa, talaka na kumrejea mke baada ya kumtaliki. Tirmidhi ameihesabu kuwa hadithi hasan, yaani nzuri ya kutegemewa, na wanazuoni wameifanyia kazi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba akdi ya ndoa, yaani tamko la kuifunga, iliyotamkwa kwa mzaha inasihi, na mwenye kutania atajikuta ana mke.

Shangazi amekosea mahali pa kuitumia. Hadithi inazungumzia ndoa, na yaliyofanyika barazani kwa baba yako yalikuwa posa. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 235, inapozungumzia mwanamke aliye edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, inaruhusu kumdokezea posa na hapo hapo inakataza kufunga fundo la ndoa mpaka muda wake uishe. Aya moja, mambo mawili, na kila moja lina hukumu yake.

Ili iwe ndoa kulihitajika walii, yaani msimamizi wa bibi arusi, kwako ni baba yako, mashahidi wawili waadilifu, walii atamke kuoza na mume atamke kukubali. Walii alikuwepo. Watu wa kuweza kuwa mashahidi walikuwepo tele. Ndiyo maana sitaki uichukulie hadithi ile kwa wepesi: mlikuwa mmebakisha maneno tu. Lau baba yako angemshika mkono yule mwalimu akasema, "Nimekuoza binti yangu fulani kwa mahari kadhaa," na yeye akajibu, "Nimekubali kumuoa," leo ningekuandikia majibu mengine kabisa. Mngekuwa mume na mke tangu siku hiyo, na huko "kushindwana" mlikopanga kungehitaji talaka.

Lakini baba alisema, "Binti ni wenu, rudini mtupe tarehe." Wazee wetu wa huku bara wana ukarimu wa maneno, "binti ni wenu" husemwa hata kabla chai haijapoa. Kwa Mashafi, ndoa haifungwi kwa maneno ya kuzungukia. Inataka tamko la wazi la kuoza au kunikahisha, kwa Kiarabu au kwa lugha wanayoifahamu, kwa sababu mashahidi wanashuhudia wanachokisikia na nia ya mtu hawaioni. Na huyo baba mwenyewe ameomba tarehe. Anayeomba tarehe ya harusi anajua kwamba ndoa bado.

Fatiha ni dua ya baraka, haifungi ndoa. Wala pilau.

Kwa hiyo ninyi bado ni watu wa kando, na hilo lina upande wake mchungu. Posa, hata ya kweli, haihalalishi zaidi ya kuonana kwa heshima na kuzungumza mbele za watu. Naona Kisumu vijana wakishavishana pete wanapewa ruhusa ya kila kitu, wanaachwa peke yao chumbani, na wazazi wanasema "si ameshaposa". Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke isipokuwa awepo maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kumuoa, na hadithi hiyo ni ya Bukhari na Muslim. Foleni ya hospitali si faragha. Kula samaki Dunga mchana na watu wamejaa si faragha. Yaliyo zaidi ya hapo, kama yapo, wewe unayajua, na mlango wa toba uko wazi bila kuniandikia mimi.

Kuhusu kupendana kwenyewe, sioni pa kukulaumu. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa na Mughira bin Shu'ba kwamba ameposa, alimwambia akamtazame mwanamke huyo, kwani hilo lina uwezekano zaidi wa kuleta mapenzi baina yao. Na Ibn Majah amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba hakijaonekana kwa wawili wapendanao kitu kama ndoa. Umemwona mtu akimhudumia mama yako kabla ya Swala ya asubuhi haijapoa mdomoni. Wako wanaoolewa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Sasa uongo. Katika Sahihi Muslim, Ummu Kulthum binti Uqba amepokea kwamba ruhusa ilitolewa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na mazungumzo ya mume na mkewe. Imamu Ghazali akapanua, akasema lengo la halali ambalo halifikiwi kabisa ila kwa uongo, basi uongo hapo unaruhusiwa. Najua utasema hiyo ndiyo hali yako. Mimi sioni hivyo, kwa sababu njia ya ukweli hukuijaribu hadi mwisho. Ulikuwa na mama. Ulikuwa na imamu wa msikiti wenu, na Kadhi. Tena ulikuwa na haki kamili ya kusema simtaki. Khansa binti Khidam aliozwa na baba yake na yeye hataki, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa hiyo, kisa kipo katika Bukhari. Yeye alikuwa ameshaolewa kabla, na ni kweli kwamba Mashafi wamempa baba mamlaka ya kumwoza bikira, lakini wameyafunga kwa masharti, miongoni mwake mume awe anamfaa na pasiwe na uadui baina ya baba na binti, na hata hapo wakasema ni sunna kumtaka idhini. Mahanafi, watu wa madhehebu ya Hanafi, hawakumpa baba mamlaka hayo kwa mwanamke aliyebaleghe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 45, nayo inasema ndoa ni kwa ridhaa ya wawili. Ulikuwa na silaha zote hizo ukachagua maigizo. Tubu kwa hilo, na kijana naye atubu, hasa kwa kumburuta ami yake na wale wazee hadi Mumias wakaweka heshima zao mbele kwa jambo walilodhani ni la kweli.

Je, uongo huo unaharibu ndoa itakayokuja? Hapana. Baba yako hakudanganywa kuhusu mposaji ni nani, wala dini yake, wala kazi yake, wala ukoo wake. Alidanganywa kuhusu nia, na nia hiyo leo ipo. Akdi itakuwa mpya, kwa ridhaa mpya, na uongo wa zamani hauingii ndani yake.

Pesa ndizo zinazotaka uangalifu zaidi, na nimefurahi umeuliza, maana wengi wangeliruka hilo. Mahari ni haki ya mwanamke, apewe yeye. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imewaamrisha wanaume wawape wanawake mahari yao. Zile 20,000 zilitoka kwako, zikapita kwa kijana, zikaishia kwa baba. Haiwezi kuwa umejilipia mahari mwenyewe. Njia nyepesi ni hii: kabla ya akdi, huyo kijana akurudishie 20,000 mkononi mwako, mkubaliane kwamba ulimkopesha. Akishalipa deni lake, kile kilichopelekwa kwa baba kitahesabika kuwa kimetoka kwake, na siku ya akdi kitatajwa ndani ya mahari. Baba naye akukabidhi, maana si chake, ila kama wewe kwa radhi yako utamwachia. Na kama kijana hana 20,000 sasa hivi, mahari inaweza kuwa kidogo au ikawa deni. Asiende kukopa kwa programu za simu ili aonekane mwanamume.

Kumwambia baba: kisheria hulazimiki. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, iliyositiriwa, asili yake ni kuendelea kusitiriwa, na Mtume (s.a.w.) amewakemea wanaofichua waliyofichiwa na Mwenyezi Mungu. Ukiulizwa harusini mlianzaje, sema mlijuana tangu shule, na hilo ni kweli tupu. Imran bin Husein alisema katika maneno ya kupitia kando kuna nafasi ya kuepuka uongo.

Ningeishia hapo lau usingemtaja mdogo wako. Hapo rai yangu inabadilika, na hii ni rai, si fatwa: mwambie baba. Yule bwana wa Bungoma simlaumu. Alikuja kwa mlango wa mbele, akaambiwa binti ameposwa, akaondoka kwa adabu, kama inavyompasa Mwislamu asipose juu ya posa ya nduguye. Huenda akamfaa mdogo wako. Lakini mdogo wako aulizwe, na baba hatajua kuuliza kama anaamini kwamba wewe ulikataa kwa sababu tu ulikuwa na mtu wako. Anahitaji kujua kwamba binti yake mkubwa alimwogopa kiasi cha kukodi posa. Ni mtu mmoja tu anayeweza kumweleza hilo bila kumvunjia heshima, na hata shangazi siye.

Nenda Mumias siku isiyo na wageni. Anza na mama, apate kukusindikiza. Mwambie baba mambo matatu na usizidishe: kwamba posa ile haikuwa ya kweli, kwamba sasa unamtaka mtu huyo huyo kwa kweli, na kwamba mdogo wako aulizwe kabla hajatajiwa mtu yeyote mbele za watu. Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu. Akitulia akaridhia, fungeni mbele yake na ndoa iandikishwe kama sheria inavyotaka. Akikataa kabisa kukuoza na mtu anayekufaa bila sababu ya kisheria, basi hapo, na si kabla ya hapo, mnaweza kupeleka shauri kwa Kadhi, Kisumu au Kakamega, naye atawaita wote wawili.

Huyo kijana asiandamane nawe katika safari hii ya kwanza. Aje ya pili, na ami yake akiwa ameshaambiwa ukweli, na tarehe aliyodaiwa mwaka jana.

Wallahu a'lam.