Kabla Hujafungua Deki: Tahadhari Kuhusu Leza Iliyomo Ndani

Deki inapoanza kukataa CD, wengi wetu hapa Dar es Salaam hukimbilia bisibisi kabla ya kumfikiria fundi. Sina ugomvi na tabia hiyo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuwa nikifungua deki, redio za CD na kompyuta za majirani hapa Tabata kwa miaka mingi, na mara nyingi tatizo huwa ni vumbi tu lililoganda juu ya lenzi. Ugomvi wangu ni na namna kazi hiyo inavyofanywa: kava limetolewa, plagi bado iko kwenye soketi, na mtu ameinamia lenzi kwa jicho moja akisubiri kuona kama taa inawaka.

Nyuma ya karibu kila deki pana kibandiko kinachosema kwamba hicho ni kifaa cha leza (mwanga mwembamba unaosoma diski) cha daraja la 1, yaani daraja lisilo na madhara kwa mtumiaji wa kawaida. Maneno hayo ni ya kweli, ila yanahusu kifaa kilichofungwa. Usalama wake unatokana na kava, na katika redio za CD unatokana pia na swichi ndogo inayozima leza mara tu mfuniko unapoinuliwa. Ukitoa kava, au ukiibana swichi hiyo kwa njiti ya kiberiti ili uone diski ikizunguka, umejiondolea ulinzi ambao kibandiko kiliutegemea. Ndiyo maana ndani ya mashine nyingi kuna kibandiko cha pili, cha rangi ya njano, kinachoonya kuhusu mionzi ya leza isiyoonekana pale kifaa kinapofunguliwa.

Mionzi hiyo si ya jamii ya eksirei. Ni mwanga, hausababishi saratani, wala hakuna sababu ya kumtoa mama mjamzito sebuleni kwa ajili ya deki iliyofunguliwa, jambo ambalo nimewahi kulishuhudia. Mwenye kuhitaji ulinzi ni jicho. Leza ya CD ina urefu wa wimbi (kipimo kinachotofautisha rangi za mwanga) wa nanomita 780, ya DVD 650, na ya Blu-ray 405, na zote zimo katika eneo la nanomita 400 hadi 1400 ambalo mwanga wake hupenya jicho hadi kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho huikusanya miale hiyo kwenye nukta ndogo sana, kiasi kwamba ukali wake pale kwenye retina unaweza kufikia takriban mara 100,000 ya ule uliogusa uso wa jicho.

Mwanga mkali wa kawaida hutufanya tupepese macho ndani ya robo ya sekunde hivi. Leza ya CD haituamshi namna hiyo, kwa sababu jicho la binadamu karibu haliuoni mwanga wa nanomita 780. Utaona kinukta chekundu kilichofifia, ukadhani leza imechoka, ukasogea karibu zaidi. Retina nayo haina neva za maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuumia bila kuhisi chochote.

Hata hivyo, wapo wanaotia chumvi. Katika deki ya kusoma tu, kinachotoka kwenye lenzi kwa kawaida ni kama milliwati moja (sehemu moja ya elfu ya wati) au pungufu, na lenzi hiyo huikutanisha miale karibu sana na uso wake, kisha miale hutawanyika upesi. Anayeangalia kutoka pembeni, kwa umbali wa mkono, hana la kuhofia. Mwenye kuhofia ni yule aliyeshusha uso juu ya lenzi, hasa akiwa na kioo cha kukuzia, kwa kuwa kioo huikusanya upya miale iliyokwisha kutawanyika. Mimi hufuata sharti moja tu: umeme ukiwepo, jicho halikai juu ya lenzi.

Katika jiji letu sharti hilo linahitaji nyongeza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu huona ndiyo nafasi ya kusafisha, huku plagi ikiwa palepale; umeme ukirudi, deki nyingi hujiwasha zenyewe, leza ikawaka na lenzi ikaanza kupanda na kushuka kutafuta diski. Chomoa plagi. Ukishaichomoa, subiri kidogo kabla ya kugusa bodi ya umeme, kwa kuwa ile kapasita kubwa huhifadhi volti zaidi ya 300 zinazotokana na umeme wetu wa volti 230. Kusema kweli, katika deki ya kawaida naiogopa kapasita hiyo kuliko leza. Lenzi yenyewe ifute taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, na usithubutu kutumia tina ya kuyeyushia rangi, kwa kuwa lenzi nyingi ni za plastiki.

Kujua kama leza inawaka hakuhitaji jicho lako. Chukua simu, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Kamera ikiionyesha taa ya rimoti, itaionyesha na leza ya CD. Kama kamera ya nyuma haioni, jaribu ya mbele. Kisha washa deki bila diski, shika simu juu ya lenzi, nawe utazame kioo cha simu ukiwa umekaa pembeni.

Kuna pia ufundi wa kuzungusha kile kiskurubu kidogo kilicho ubavuni mwa lenzi ili "kuiongezea nguvu". Huua leza mapema, na huongeza mwanga unaotoka. Lenzi nzima mpya, pamoja na leza yake, hupatikana Kariakoo, nunua hiyo.

Yote hayo yanahusu mashine za kusoma. DVD raita ya kompyuta, yaani ile inayoandika diski, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa dayodi yake, kile kijipande kinachotoa leza, hutoa milliwati zaidi ya 100 wakati wa kuandika. Mpwa wangu aliniletea moja akisema, "Mjomba, naomba unitolee leza, nimeona mtu anawashia kiberiti." Nilimkatalia. Dayodi hiyo ikitolewa na kuwekewa lenzi ya kunyoosha miale, mwanga hautawanyiki tena, na hata ule unaodunda kwenye kijiko au kioo cha dirisha unaweza kuharibu jicho kabla mtu hajapepesa. Miwani ya jua haisaidii. Miwani inayofaa huandikwa urefu wa wimbi inaoukinga. Siku hizi, kabla ya kuwapa watoto raita mbovu wachezee mota zake, natoa dayodi kwanza na kuiponda kwa koleo.

Aliyemulikwa, kisha akaona doa jeusi au ukungu usioondoka katikati ya kile anachokitazama, asinunue dawa ya matone dukani. Aende siku hiyohiyo kliniki ya macho, Muhimbili au hospitali ya CCBRT kule Msasani, na aeleze kama mashine ilikuwa ya kusoma au ya kuandika.