Nusu karati mbili: moja inawaka, nyingine imelala

Barua za wasomaji na majibu yetu

Wahariri, salamu. Natafuta pete ya uchumba. Sonara mmoja hapa mjini amenionyesha almasi mbili za mviringo, zote nusu karati, rangi moja na usafi mmoja kwenye ripoti zake. Moja inawaka nikiitikisa kidogo tu. Nyingine ina giza katikati, na pia naiona ndogo ingawa uzito ni uleule. Ile inayowaka ni ghali zaidi. Nilipe nyongeza hiyo?
*Msomaji, Milimani, Kisumu*

Lipa, ndugu yetu. Na mfuko ukikataa, punguza uzito au shuka daraja moja la rangi, lakini mkato usiuguse.

Rangi na usafi jiwe hutoka nao ardhini. Mmeremeto hupewa na mkataji. Almasi ya mviringo ina nyuso 57, au 58 ncha ya chini ikisuguliwa nayo. Iwaze kama pia wanayochezea watoto. Juu kuna taji, lenye uso mpana bapa uitwao meza. Katikati kuna kiuno, ule ukingo mwembamba unaoshikwa na kucha za pete. Chini ni pavilioni, inayochongoka mpaka ncha. Mambo makubwa hutendeka huko chini, mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Mwanga ukiingia ndani ya almasi hupungua kasi mara 2.42 na kupinda. Ukigonga ukuta wa ndani kwa mshazari wa kutosha hauwezi kupenya, hurudishwa kama kwenye kioo. Mpaka wenyewe ni nyuzi 24.4, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo. Mkataji stadi huinamisha kuta za pavilioni ili mwanga ulioingia juu ugonge upande mmoja, uvuke hadi upande wa pili, kisha urudi juu na kutokea kwenye taji mpaka jichoni mwako. Inamo hilo, likipimwa kutoka kiunoni, ni kati ya nyuzi 40.6 na 41. Nafasi yenyewe haifiki hata nusu nyuzi.

Pavilioni ikiwa na kina kupita kiasi, mwanga hugonga ukuta wa pili kwa unyoofu mno, ukavujia chini. Ule unaorudi juu nao hurudi wima kuelekea kichwa chako mwenyewe, na kichwa hakitoi mwanga, kwa hiyo katikati ya jiwe unaona giza. Masonara huliita kasoro ya kichwa cha msumari. Kwa maelezo yako, ndiyo iliyoipata almasi yako ya pili. Pavilioni ikiwa bapa mno, kosa ni la upande mwingine: mwanga huvuja kwenye ukuta wa kwanza, na ndani ya meza hujitokeza duara la kijivu, ambalo ni kivuli cha kiuno. Hilo huitwa jicho la samaki, na aliyewahi kutazama jicho la ngege aliyeiva sahanini hatahitaji maelezo zaidi.

Kwa nini mtu akate vibaya huku akijua? Kwa sababu bei ya karati moja hupanda ghafla kwenye vizingiti fulani vya uzito: 0.50, 0.70, 1.00. Jiwe ghafi likimpa mkataji 0.46 safi au 0.50 nene, wengi huchagua unene. Uzito huo wa ziada hufichwa chini na kiunoni, usikoonekana. Ndiyo maana unaiona ndogo. Mwombe sonara apime upana na kina kwa milimita, kisha piga hesabu hii: upana mara upana, mara kina, mara 0.0061. Jibu ni karati kwa makadirio.

Nusu karati iliyokatwa vizuri ina upana wa milimita 5.1 hadi 5.2, na kina cha 3.15 hivi. Nene yenye upana wa 5.0 na kina cha 3.3 nayo hutoa karati 0.50, lakini kina chake ni asilimia 66 ya upana, wakati kinachofaa ni kati ya 60 na 62.5. Almasi ya 0.46 yenye vipimo vizuri ina upana huohuo wa 5.0, inawaka, na haijavuka kizingiti cha bei. Kama bajeti imebana, itafute hiyo.

Vipimo vingine vya kuandika kwenye kikaratasi kabla hujaenda dukani: meza asilimia 54 hadi 57, pembe ya taji nyuzi 34 hadi 35, kiuno kisiwe chembamba sana wala kinene. Pembe mbili hizo husawazishana kama mizani, taji likipanda kidogo, pavilioni ishuke kidogo. Nyuzi 35 juu huendana na 40.6 au 40.8 chini kuliko 41.2. Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, Ubelgiji, alizipigia hesabu pembe hizi na kuzichapisha London mwaka 1919: meza 53, taji 34.5, pavilioni 40.75. Zaidi ya karne imepita na bado tunazunguka palepale.

Ripoti ya almasi ninayotaka kuagiza ni ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, na inasema Excellent (bora kabisa) mara tatu: mkato, msasa na ulinganifu. Si nimemaliza?
*Msomaji, Section 58, Nakuru*

Umefika karibu. GIA ilianza kutoa daraja la mkato kwa almasi za mviringo mwaka 2006, na daraja hilo huondoa mawe mabovu kabisa. Lakini Excellent ni zizi pana. Almasi ya taji 35.5 na pavilioni 41.4 yaweza kuingia humo, ikasimama kando ya 34.5 na 40.8, na macho yakaona tofauti hasa pembeni mwa meza, ambako ya kwanza huvuja.

Tazama mchoro wa pembe kwenye ripoti, usiishie kwenye neno. Ujue pia kwamba namba hizo zimekadiriwa: pembe ya taji hadi nusu nyuzi, ya pavilioni hadi 0.2. Kilichoandikwa 41 chaweza kuwa 40.9 au 41.1, kwa hiyo usikae ukingoni mwa kipimo kama una chaguo la katikati. Msasa na ulinganifu ni mambo mazuri, ila haviwezi kuokoa pembe mbovu. Dirisha lililofutwa vizuri likiangalia ukuta, bado unaona ukuta.

Omba video ya jiwe likizungushwa kwenye mwanga wa kawaida. Muuzaji anayekataa kuitoa, mwache.

Dukani pete yangu iliwaka kama nyota. Nyumbani Lanet imepoa kabisa, mwezi wa nne sasa. Inawezekana nilibadilishiwa jiwe?
*Mama, Nakuru*

Mama, wasiwasi huo unaweza kuumaliza leo. Ikiwa jiwe lako lina ripoti, mara nyingi namba yake huwa imechorwa kwa leza kiunoni. Mpelekee sonara yeyote mwenye lenzi ya kukuza mara 10, asome huku nawe ukitazama, mlinganishe na ripoti. Kama kucha ya pete imeifunika, ageuze pete asome upande mwingine.

Sasa taa za dukani. Vitaa vidogo vikali vilivyopangwa darini hufanya hata kioo cha kawaida kitoe cheche, kwa maana kila uso hupata kitaa chake cha kurudisha. Hatusemi ni udanganyifu, lakini mnunuzi asiamue chini yake. Sogea mlangoni au barazani, kivulini, ambako mwanga wa anga umetawanyika. Shika jiwe umbali wa sentimita 30 na uliinamishe polepole, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Jiwe zuri huwa jeupe na angavu hadi ukingoni, na vipande vyeusi ndani yake hubadilishana na vyeupe kila unapolisogeza. Kipande kinachobaki cheusi, au kinachokuonyesha ngozi ya kidole chako nyuma yake, ndipo mwanga unapovuja. Kisha nenda kwenye kona yenye giza na balbu moja tu, uone rangi: nyekundu, bluu, machungwa. Jua la saa sita mchana lisikutishe. Chini yake hata almasi bora huonekana nyeusi yenye cheche kali chache.

Lakini kwako, kwa kuwa iliwaka na sasa imepoa, tunashuku mafuta kwanza. Almasi hunasa grisi kuliko mawe mengi. Huko Kimberley, Afrika Kusini, migodi ilipitisha kokoto na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zikanata na kokoto zikaenda zake. Kidoleni mwako hunata mafuta ya kujipaka, ya kukaangia, sabuni, na unga wa chapati unaojazana chini ya jiwe usioweza kuuona kutoka juu. Tabaka hilo likikauka kwenye pavilioni, mwanga huvuka ukuta ambao ungeurudisha, uchafu ukaumeza. Mkato bora kabisa hauna la kufanya hapo.

Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Loweka dakika 20 hadi 30. Sugua kwa mswaki laini wa mtoto, ukianzia chini, ukipitisha nywele za mswaki kati ya kucha za pete. Suuza ndani ya bakuli la pili, kamwe si juu ya sinki lililo wazi. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiitumie, hula metali zilizochanganywa na dhahabu na kuzidhoofisha kucha. Ukimaliza, tikisa pete karibu na sikio. Ukisikia mlio, jiwe limelegea: ivue usiivae tena mpaka ikazwe.

Fanya hivyo kila wiki mbili. Na chapati zikandwe pete ikiwa kabatini.

Mchumba wangu anataka umbo la yai. Ripoti haina daraja la mkato hata kidogo. Ni jiwe la kukwepa?
*Msomaji, Kakamega*

Hapana. Kwa miaka mingi ripoti ya GIA ilitoa daraja la mkato kwa mviringo, si kwa yai, kwa hiyo hapo jicho lako ndilo kipimo. Tafuta kivuli cha umbo la tai ya kipepeo kinachokata katikati ya jiwe kwa upana. Karibu kila yai linacho. Kikififia na kuwaka unapoliinamisha, hakina shida. Kikibaki cheusi kila upande, liache. Urefu wa mara 1.35 hadi 1.5 ya upana ndio unaopendwa na wengi, na rangi huonekana zaidi kwenye ncha mbili, basi zitazame hizo juu ya karatasi nyeupe.

Nimeonyeshwa jiwe linalotoa rangi za upinde wa mvua kuliko almasi yoyote niliyowahi kuona. Muuzaji aligusisha kipimo cha joto cha kutambulia almasi, kikalia. Ndiyo mkato bora kupita yote?
*Msomaji, Bungoma*

Rangi nyingi kupita kiasi ndizo zinazotutia shaka. Huenda ni moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Jiwe hili hutawanya rangi kwa kipimo cha 0.104, almasi ni 0.044, yaani zaidi ya mara mbili, na hakuna mkato utakaoifikisha almasi huko. Hupitisha joto vizuri pia, ndiyo sababu kipimo cha joto pekee hudanganyika nalo. Sonara mwenye kifaa kinachopima joto na umeme pamoja atalitambua. Au atazame kwa lenzi ya mara 10 kupitia taji, jiwe likiwa limeinama: kwenye moisanaiti mistari ya nyuso za chini huonekana miwili miwili, kwenye almasi ni mmoja.

Zirkoni bandia, jiwe jingine la kuigiza almasi, ni rahisi zaidi kuitambua, kipimo cha joto huikataa, na ikiwa haijafungwa kwenye pete huwa nzito mara 1.6 hivi kuliko almasi ya ukubwa uleule. Almasi ya maabara ni jambo tofauti. Hiyo ni almasi kamili, vipimo vyote tulivyompa msomaji wa Milimani vinaifaa bila kubadilisha hata kimoja, na kuitofautisha na ya mgodini kunahitaji mashine ya maabara.

Wengine watakuambia uliweke jiwe kifudifudi juu ya gazeti: ukisoma herufi, si almasi. Kioo kweli huacha herufi zisomeke. Lakini almasi yenye pavilioni bapa nayo huonyesha maandishi, na moisanaiti huyaficha, na jiwe likishafungwa kwenye pete huwezi kulijaribu hivyo hata kidogo.