Sifikishi siku 183 popote. Kodi nadaiwa wapi?

Swali: Mshauri, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, natengeneza programu za kompyuta. Tangu 2023 nafanya kazi za kampuni moja ya Berlin kwa mkataba wa kujitegemea, nalipwa kwa yuro. Sikai sehemu moja: nimekaa Kigali, Cape Town, na sasa niko Chiang Mai, Thailand. Dar narudi kuwaona mke wangu na watoto, tuna nyumba Mbezi, ila kwa mwaka haifiki miezi mitano. Wenzangu wanasema kwa kuwa sifikishi siku 183 nchi yoyote, mimi si mkazi wa popote, kwa hiyo sidaiwi kodi. Mmoja ananishauri nichukue viza ya Dubai nimalize kesi. Ni kweli?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Wenzako wamekariri namba moja wakaacha sheria iliyobaki. Kwa maelezo uliyonipa, wewe ni mkazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi, na umekuwa hivyo miaka yote hii ya kuzunguka.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ina vigezo kadhaa vya kumpata mkazi, na kimoja tu kikitimia kinatosha. Siku 183 ni kimojawapo. Kabla yake kuna hiki: una makazi ya kudumu Tanzania, na umekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka husika. Sehemu yoyote, hata wiki moja ya Krismasi. Ungekuwa umehama na familia yako, nyumba ya Mbezi umeipangisha kwa mtu baki kwa mkataba wa kweli, tungekuwa na hoja ya kupeleka TRA. Lakini mkeo na watoto wamo ndani, funguo unazo, na nadhani hata LUKU unanunua wewe kwa simu ukiwa huko huko Thailand. Hapo sioni pa kusimamia kusema huna makazi.

Tuseme nyumba haipo kabisa. Bado kuna kigezo cha wastani, ambacho watu wengi hawajakisikia: ukiwa nchini mwaka huu na kila mwaka kati ya miwili iliyotangulia, na wastani ukazidi siku 122 kwa mwaka, wewe ni mkazi. Chukua mtu aliyekaa siku 100 mwaka 2023, 150 mwaka 2024, na 125 mwaka 2025. Jumla 375, wastani 125. Hajagusa 183 hata mara moja, na kwa 2025 ni mkazi. Miezi yako "isiyofika mitano" iko karibu sana na mstari huo. Ukihesabu, hesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili; usijibanie.

Mkazi hutozwa kodi kwa kipato chake cha dunia nzima. Upo unafuu kwa mtu ambaye katika maisha yake yote hajawa mkazi wa Tanzania zaidi ya miaka miwili: huyo hutozwa cha hapa tu. Mzaliwa wa hapa aliyesoma na kukulia hapa haumhusu. Kwa hiyo yuro za Berlin zinaingia kwenye hesabu, na kwa mtu binafsi sehemu ya kipato inayozidi shilingi milioni 1 kwa mwezi hutozwa 30%. Kampuni ya Berlin haikukati chochote kwa niaba ya TRA, basi kazi ni yako: kutoa makadirio, kulipa kwa awamu nne (mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba), kisha ritani ya mwisho kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Sasa Thailand. Viza yao ya DTV, inayotumiwa na watu kama wewe wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanza 2024, inakuruhusu kukaa hadi siku 180 kila unapoingia. Na ukifikisha siku 180 katika mwaka wa kalenda, sheria yao ya kodi inakuhesabu mkazi! Uhamiaji wanakukaribisha hadi pale pale mlangoni pa watu wa kodi. Tena tangu 1 Januari 2024, mkazi wa kule anayeingiza nchini humo kipato alichokipata nje hutozwa hata akikiingiza mwaka mwingine. Kwa hiyo unaweza kudaiwa nchi mbili kwa fedha ile ile. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi chache, zikiwemo Zambia, Afrika Kusini, India na Kanada, Ujerumani haimo. Hata hivyo sheria yetu yenyewe inaruhusu kodi uliyolipa nje ipunguzwe kwenye kodi ya hapa, isizidi ile ambayo kipato hicho kingetozwa hapa. Bila stakabadhi ya malipo hupunguziwi kitu, kwa hiyo zitunze.

Dubai nitakwenda haraka. Viza ni ruhusa ya kuishi tu. Ili Falme za Kiarabu zikutambue kuwa mkazi wa kodi, kwa kanuni zilizoanza Machi 2023, unatakiwa kukaa siku 183, au 90 ukiwa na kibali cha ukazi pamoja na makazi ya kudumu, ajira au biashara kule. Wewe unazunguka, hizo 90 utazitoa wapi? Hata ukizipata, cheti cha Dubai hakiiondoi nyumba ya Mbezi.

Na huo "ukazi wa popote" wanaousifia wenzako mimi siupendi hata pale unapowezekana. Ukifungua akaunti ya benki nje, fomu itakuuliza ni mkazi wa kodi wa nchi gani na namba yako ya mlipakodi. Ukiandika "hakuna", akaunti inakwama. Ukiandika uongo, umesaini uongo.

Miaka ya nyuma usiisubiri ikufuate, maana riba inahesabika. Ukirudi Dar njoo na mkataba wa Berlin, taarifa za benki tangu 2023 na pasipoti zako zote, pamoja na ile iliyoisha muda, maana mihuri ya mwaka 2023 huenda imo humo.