Barua kwa Zuhura: ile nyambizi nyeusi ya Plymouth

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua, lakini sokoni haachi kwenda.

Uliniambia wenzako wa hospitali walikutembeza kwa boti pale Plymouth, mkaona kwa mbali nyambizi kuukuu zimefungwa pamoja kama ng'ombe zizini, na mmoja akanyoosha kidole akasema ile ni Conqueror. Ukaniuliza: "Baba, ile ilifanya nini, na kwa nini hawaivunji wakauza chuma?" Kwenye simu nilikata shauri kunyamaza, maana nikianza habari za meli mama yako hunifungia mlango. Basi nakuandikia.

Conqueror, nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, ilijengwa Birkenhead, ng'ambo ya Liverpool. Iliteremshwa majini mwaka 1969, ikaanza kazi mwaka 1971. Ina urefu wa kama mita 87 na ilichukua mabaharia mia na kitu. Watu wakisikia "nyuklia" hudhani imebeba bomu. Hapana. Hiyo nyuklia ni ya kuchemshia maji tu. Mimi nilianza kazi kama mtia mafuta, chini kabisa, na meli yangu ya pili ilikuwa ya mvuke, kwa hiyo jambo hili naliona kama ninavyoliona jiko la mama yako. Ndani ya kinu, yaani tanuri la nyuklia, maji hupata moto mkali sana, lakini yamebanwa kwa shinikizo, hayapati nafasi ya kuchemka. Yanapita kwenye mabomba, yanatoa joto lake kwa maji mengine, na hayo ya pili ndiyo yanayogeuka mvuke na kuzungusha mitambo, mpaka rafadha, ile pangaboi inayoisukuma meli. Kuanzia hapo kwenye mvuke, mtu wa zamani yangu angeweza kushika zamu bila kuelezwa sana.

Tofauti ni kwamba boila yetu ilikula mafuta na ilivuta hewa. Kinu hakivuti hewa. Nyambizi ya dizeli lazima ipande karibu na uso wa maji ipumue, ijaze betri zake, na hapo ndipo huonekana. Hii ya nyuklia haina haja ya kupanda. Kinachoirudisha nyumbani ni chakula kuisha na watu kuchoka.

Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuwinda na kusikiliza: kukaa kaskazini kwenye baridi, kufuata nyambizi za Wasovieti, kujua kila moja inalia vipi. Kazi ya namna hiyo haitangazwi, na mke wa baharia haambiwi mume alikuwa wapi. Ndiyo maana wenzako wanaijua kwa alasiri moja tu.

Aprili 1982 Argentina ilivichukua visiwa vya Falkland, vilivyokuwa chini ya Uingereza, ambavyo wao huviita Malvinas. Conqueror ikatoka kambi yake ya Faslane, Scotland, siku chache tu baadaye, ikashuka mpaka kusini ya Atlantiki, safari ya karibu maili 8,000. Kamanda wake, Chris Wreford-Brown, alikuwa na wiki chache tu kwenye nafasi hiyo. Tarehe 1 Mei ikaipata kruza ya Argentina, yaani manowari kubwa ya mizinga, General Belgrano, pamoja na manowari mbili za kuisindikiza, ikaifuata kwa nyuma kwa zaidi ya siku nzima. Inazama, inakimbia, inapunguza mwendo, inapanda kidogo kuchungulia, inazama tena.

Belgrano yenyewe ilikuwa bibi kizee. Wamarekani waliijenga New Jersey, ikateremshwa mwaka 1938 kwa jina la Phoenix, na ilikuwepo Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Wamarekani kule Hawaii, siku Wajapani waliposhambulia, ikatoka bila kuguswa. Argentina waliinunua mwaka 1951.

Tarehe 2 Mei serikali ya Bi Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, ikatoa ruhusa ya kuipiga. Mnamo saa kumi alasiri Conqueror ikafyatua topido tatu, yaani makombora yanayokwenda ndani ya maji. Nyambizi ilikuwa na topido mpya za kuongozwa, lakini kamanda hakuziamini, akatumia za kizamani, muundo wa miaka ya 1920, zinazokwenda moja kwa moja kama mkuki. Mbili zikapiga. Moja ilikata omo, mbele ya meli. Nyingine ilipiga huku nyuma, pale ambapo deraya, yaani chuma kinene cha kinga cha ubavuni, ilikuwa imekwisha, ikalipukia kwenye chumba cha mashine cha nyuma.

Hapo, mwanangu, ndipo huwa nasimama kila ninapoisoma habari hii. Mlipuko ule ulipanda juu ukapitia mabweni na ukumbi wa mapumziko, na wengi wa waliokufa walifia pale kwa dakika ile ile. Umeme ukakatika meli nzima. Bila umeme pampu hazifanyi kazi, na redio haiombi msaada. Mtu ambaye hajawahi kusikia mashine zinanyamaza baharini hawezi kuelewa ukimya ule. Mimi niliusikia mara moja, kwa hitilafu ndogo tu, kama dakika kumi, bahari shwari, na mpaka leo nikiamka usiku na jenereta ya jirani ikizimika moyo hunipiga.

Baada ya kama dakika 20, Kapteni Héctor Bonzo akaamuru watu waiache meli. Manowari mbili za kuisindikiza hazikujua lililotokea, zikaendelea na safari. Giza likaingia, dhoruba ikazidi, na mashua za mpira za kuokolea watu zikatawanyika kwenye baridi ya kusini. Zaidi ya 700 waliokolewa katika siku zilizofuata. Waliokufa ni 323, karibu nusu ya Waargentina wote waliokufa katika vita ile. Wawili kati yao hawakuwa wanajeshi kabisa: walikuwa ndugu, wakiendesha kantini ya meli.

Ilikuwa mara ya kwanza nyambizi ya nyuklia kuzamisha meli ya adui vitani. Baada ya hapo manowari kubwa za Argentina zilirudi kwenye maji ya kwao, hazikutoka tena. Conqueror iliporudi Faslane mwezi wa Julai ilipeperusha bendera nyeusi ya maharamia, fuvu na mifupa, desturi ya zamani ya nyambizi za Uingereza. Mimi bendera ile sikuipenda, lakini mimi sikuwa chini ya maji pamoja nao.

Je, ilikuwa haki? Belgrano ilikuwa nje ya eneo la hatari la maili 200 ambalo Uingereza ilitangaza kuzunguka visiwa, na ilikuwa inaelekea magharibi, upande wa kwao. Lakini Uingereza ilikuwa imetoa onyo kwamba meli yoyote ya hatari itapigwa hata nje ya eneo lile, na meli ya vita hugeuka saa yoyote. Bonzo mwenyewe, aliyepoteza watu wake, baadaye alikubali kwamba ni tendo la vita, si jinai. Akisema yeye hivyo, mimi wa Tanga niseme nini?

Kilichonikera ni maneno yaliyofuata. Bungeni waziri alieleza kana kwamba kruza ile ilikuwa inazisogelea meli za Uingereza. Mwelekeo wa meli si jambo la kubishania: huandikwa. Kisha mwaka 1984 ikajulikana kwamba daftari la chumba cha uongozi la Conqueror limepotea. Afisa wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, aliyempa mbunge karatasi za habari hii, alipelekwa mahakamani, na mwaka 1985 baraza la mahakama likamwachia. Sisi melini, kijana akipoteza daftari la zamu, hashuki bandarini.

Mwaka ule ule wa vita, 1982, Conqueror ilipelekwa Bahari ya Barents, kaskazini ya Urusi, na habari zilizotoka mwaka 2012 zinasema iliiba waya mrefu wa kusikilizia uliokuwa unaburutwa na meli ya bendera ya Poland, kwa makasi yaliyofungwa kwenye omo yake. Kwangu mimi kazi ile ilihitaji ubaharia kuliko topido zote tatu. Ikastaafu mwaka 1990.

Sasa hilo la kuivunja. Meli ya kawaida huipeleka ufukweni, wakaikata kwa gesi, chuma kikauzwa. Hii, hata ukitoa fueli, kinu chenyewe na mabomba yake vimebeba mnururisho, ile miale ya nyuklia inayodhuru watu, na taka ile lazima ipate pa kukaa. Waingereza walijenga nyambizi kwanza, mahali pa kuzizikia wakapaahirisha. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamestaafisha 20, na hata moja hawakuwa wamemaliza kuivunja. Hiyo uliyoiona imefungwa gatini miaka mingi kuliko ilivyofanya kazi.

Ukipita tena nitazamie jambo moja: mstari wa maji uko wapi ubavuni? Chombo kilichotolewa vitu vizito huelea juu, na chuma kilichokuwa majini huonekana kimebadilika rangi. Uniambie imeinuka kiasi gani.

Baba yako